Pointi Arobaini na Moja za Zuberi

Miaka michache kabla ya uhuru, Hubert alikuwa karani wa kupima nyumba za Weusi wenzake hapa Kisangani. Aliyetaka karte ya évolué, yaani kadi ya Mweusi anayeishi Kizungu, alitembelewa na Hubert na fomu yake. Meza ipo? Uma ngapi? Choo kina mlango? Mama anakula mezani na baba, au jikoni na watoto? Kila jibu lilikuwa na pointi zake. Upuuzi mtupu, kupima utu wa mtu kwa uma! Tena Hubert, kwa tamaa yake, alikuwa akiazimisha meza yake mwenyewe, na uma sita, kwa kuku mmoja. Leo unaibeba kwake, kesho anakuja kwako kuihesabu.

Mwaka 1964 waasi waliuteka mji, na zile fomu wakazikuta kabatini. Komanda wao alimwita Hubert amsomee, kwa kuwa yeye kusoma kulimshinda. Mwenye pointi nyingi aliitwa kibaraka wa Wazungu, akachukuliwa, asirudi. Hubert hawakumgusa kwa sababu walihitaji macho yake, naye alisoma wiki nzima.

Ikafika fomu ya Zuberi, fundi cherehani wa mtaa wa Kabondo, mtu wa kulala mkekani. Pointi arobaini na moja. Akaletwa.

"Meza ilikuwa ya nani?" Komanda akawauliza wote wawili.

Hubert akaiinamia fomu. Kusema ile meza ni yake kulikuwa kujichimbia kaburi. Zuberi akamtazama, kisha akatazama mlangoni, ambako majirani zake walikuwa wamejaa. Miaka sita alikuwa amewaringia ile karte. Mjinga yule, aibu ilimtisha kuliko bunduki.

"Iko yangu," akasema.

Hubert akashusha pumzi, na papo hapo akajichukia kwa kuishusha.

Asubuhi iliyofuata Safi, mke wa Zuberi, alibisha hodi kwake.

"Papa Hubert, bamemufunga. Beko nasema kesho batamuua. Andika barua, useme hatukuwa na kitu. Ile meza ilikuwa yako, papa. Mimi mwenyewe niliirudishaka hapa na kichwa."

"Ninajua, mama."

"Donc, basi, utie jina yako. Wewe ndiye uliona nyumba yetu."

Akaketi, akaandika. Mkeka mmoja, sufuria mbili, hakuna kitanda, mama anakula jikoni na watoto. Ilikuwa barua nzuri, Kifaransa safi, na kila neno lake la kweli. Alipofika mahali pa jina la shahidi, akapaacha patupu. Akaikunja karatasi hivyo hivyo, akampa.

Safi hakujua kusoma. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Aksanti, papa," akasema. "Mungu akulipe." Akaenda mbio kwa Komanda, ambaye angemwita Hubert aisome.