Jogoo Kaliwa, Mashine Haikurudi

Binamu yangu Gosbert alimla jogoo wangu akaniachia mifupa, na chuki ninayoisimulia hapa ilianzia hapo. Sioni haya kuiita chuki. Wapo walioniambia kwamba ni hasira za msiba tu, zitapoa. Hazikupoa.

Baba yangu, Mzee Beatus, alikuwa karani kwenye mashine ya kukoboa mpunga hapa Ifakara. Bruda mmoja Mswisi wa misheni, alipokuwa anarudi kwao, alimwachia kompyuta ya nyumbani ya kizamani, zile ambazo kibodi ndiyo kompyuta yenyewe. Unaichomeka kwenye televisheni, unawasha, unaanza kuandika. Bruda alikuwa amemfundisha kuitungia programu, na Baba akatunga mchezo wa kuamia ndege. Shamba la mpunga linatokea kwenye kioo, ndege wanashuka kwa makundi, nawe unawafukuza kwa kubonyeza. Kabla Bruda hajaondoka wakauweka mchezo huo kwenye katriji, kisanduku cha plastiki kinachochomekwa nyuma, ili mashine ikiwashwa tu uanze wenyewe. Nimekulia mbele ya mchezo huo, kwenye TV ya kichogo iliyokuwa nzito kuliko mimi.

Baba alipofariki, Gosbert alikuja msibani kutoka Chita. Ni mtoto wa shangazi yangu Philomena. Ni mdogo kwangu, lakini ni mtani wangu, na katika ukoo wetu watani hawaamkiani shikamoo. Mtani ana haki nyingine pia: msibani anaruhusiwa kuteka kitu cha marehemu, watu wacheke kidogo, kilio kipungue, kisha wafiwa wakikomboe. Wenzake waliteka kofia na fimbo. Gosbert aliteka kompyuta. Aliitia kichwani akazunguka nayo uani akiimba kwamba mjomba amemrithisha ubongo, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na shangazi akiwemo. Nikaleta jogoo, kama desturi inavyotaka. Jogoo akachinjwa, akaliwa, na kesho yake Gosbert akapanda treni na mashine ya baba yangu. Nilipolalamika, wazee wakanijibu, "Utani hauna kesi, Careen." Nikayameza. Yakanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Miaka ikaenda. Mimi nikawa fundi wa vifaa vya hospitali, na jioni natengeneza redio na televisheni za watu nyumbani kwangu. Gosbert naye akahamia Mlabani, hapahapa mjini, akafungua duka la simu, na pembeni yake chumba alichokiita makumbusho ya teknolojia. Siku moja nikapita nikaona bango limetundikwa: "GOSBERT, MTU WA KWANZA KATIKA BONDE LETU KUTUNGA MCHEZO WA KOMPYUTA." Nilisimama pale barabarani mpaka bajaji ikanipigia honi.

Haikupita wiki akaja kwangu mwenyewe, kompyuta ikiwa imefungwa kwenye kanga.

"Mke wangu!" akaita kutoka mlangoni. Ndivyo watani wa kwetu wanavyoitana. "Njoo umwone mgonjwa."

"Anaumwa nini?"

"TV za kichogo zimekwisha mjini, na flat skrini haiielewi picha ya mashine hii. Nikaagiza ubao wa HDMI kutoka nje, fundi akaufunga humo ndani. Nikiwasha, TV inasema haioni kitu. Na Jumamosi nazindua makumbusho! Kuna mgeni rasmi, na Mama atakuwepo."

"Utawaambia ni mashine ya nani?"

Akacheka. "Watu wanapenda hadithi fupi, binamu."

Ningeweza kuifungia ndani palepale nikamwambia atoke. Lakini ningekuwa nimepata nini? Angezunguka mji mzima akisema Careen anaiba vitu vya wateja. Mimi nilitaka airudishe kwa mikono yake, mbele ya mama yake na mbele ya wale waliocheka. Kwa hiyo nikamvutia kiti nikampa na karanga.

Nikaanza na umeme, maana vifaa vizee hufa kwa umeme mbaya. Nikapima kwa mita, ukawa sawa. Nikabadilisha waya wa HDMI, nikabadilisha na televisheni, mambo yakawa yaleyale. Nikafungua mfuniko. Ubao mpya ulikuwa umekaa pale pa chipu ya picha: chipu inang'olewa kwenye soketi yake, ubao unaingia, kisha chipu inapandishwa juu yake. Fundi wake alikuwa na haraka. Aliikandamiza chipu hivyohivyo, mguu mmoja ukajikunja chini ya tumbo, haukuingia kwenye tundu. Nikaing'oa taratibu, nikaunyoosha mguu kwa kibanio nikiomba usikatike, nikasafisha soketi kwa spiriti, nikairudisha. Nikawasha.

Safari hii televisheni iliitambua mashine. Kikatokea kimstari cha maandishi pembeni, kikapotea, kioo kikabaki cheusi.

"Bado imekufa," Gosbert akasema, mdomo umejaa karanga.

Nami nilidanganyika. Nikazima, nikaupima ubao kila mahali, nikaikagua chipu mguu kwa mguu, nikawasha tena. Cheusi. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri kwamba ubao wenyewe ni mbovu nilipokumbuka, na nikaona aibu kwa kusahau. Kioo cheusi haukuwa ugonjwa. Mashine ilikuwa inangoja salamu.

Baba alikuwa mkali wa salamu kuliko padri yeyote. Hata mchezo wake aliutunga hivyo: huingii shambani mpaka umwamkie mwenye shamba. Gosbert hakulijua hilo. Alipokuwa anakuja likizo alikuta mimi nimeshawasha na ndege wameshashuka, na tangu aiteke aliifungia kabatini, hajawahi kuiona ikitoa picha.

"Nenda kaninunulie soda," nikamwambia. "Kazi hii inakausha koo."

Alipotoka nikaandika SHIKAMOO. Herufi hazionekani unapoandika, ndivyo alivyotaka Baba. Nikabonyeza, na kioo kikajibu: MARAHABA CAREEN. Kisha shamba likafunguka, kijani kuliko nilivyowahi kuliona kwenye kichogo chetu.

Nililia. Nilimlilia Baba, na nilipomaliza nikajikuta nina hasira mpya, kali kuliko ile ya zamani, kwa sababu Gosbert alikuwa amenifungia salamu ile kabatini miaka yote hiyo. Nilipangusa machozi? Nilipangusa. Na hapohapo nikajua nitakachofanya, kwa sababu nilikumbuka vizuri mashine ile inavyowajibu wasio na adabu.

Aliporudi na soda akakuta ndege wamejaa kwenye kioo. Akaruka kwa furaha. "Ilikuwa nini?"

"Mguu wa chipu ulikuwa umejikunja," nikasema. Ulikuwa umejikunja kweli. Lingine hakuuliza; akaifunga tena kwenye kanga, akasema hataiwasha mpaka Jumamosi.

Jumamosi nilivaa gauni langu la kitenge la sikukuu nikakaa mstari wa pili, nyuma ya shangazi Philomena. Chumba kilijaa. Gosbert alikuwa na suti ya bluu, na alieleza jinsi alivyotunga mchezo huu akiwa kijana mdogo kule Chita, usiku, kwa taa ya kibatari. Kompyuta kwa kibatari! Mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa mshangao, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Akawasha. Kioo kikawa cheusi. Akatabasamu, akanitazama, nikamtabasamia. Akabonyeza vitufe viwili vitatu ovyo, na televisheni kubwa ikaandika: HUJASALIMIA.

Watu wakacheka kwa upole, wakidhani ni sehemu ya onyesho. Gosbert naye akacheka. Akaandika tena, huku akitamka kwa sauti ili tumsikie: "Habari."

HABARI NI ZA RIKA LAKO, kioo kikajibu.

"Mambo," akaandika.

MAMBO NI YA KIJIWENI. TOKA SHAMBANI KWANGU.

Hapo watu walicheka kwelikweli. Jasho likaanza kumtoka. Mgeni rasmi akamwuliza kwa utaratibu, "Bwana Gosbert, si umetunga mwenyewe?" Akasema ndiyo, ila ni siku nyingi. Kisha akanigeukia, macho yakiniomba. Raha niliyoisikia siku ile siwezi kuificha. Nikasema kwa sauti ya kufika mlangoni, "Iamkie, binamu. Huyo ni mkubwa wako."

Akaelewa. Akaandika haraka, kama anavyoandika kwenye simu: "Shkamoo."

ANDIKA VIZURI, MWANANGU.

Chumba kizima kilikuwa kimeshika mbavu sasa. Alilitafuta lile neno herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Akabonyeza.

MARAHABA CAREEN.

Kicheko kikakatika. Shamba likafunguka, ndege wakaanza kushuka, na hakuna aliyewafukuza.

"Careen ni nani?" mgeni rasmi akauliza.

"Ni… ni jina la mashine," Gosbert akasema.

Shangazi Philomena akasimama. Yeye si mtu wa kusimama haraka, magoti yanamsumbua, kwa hiyo watu wote walipata muda wa kunyamaza. "Hiyo ni sauti ya kaka yangu," akasema. "Habari ni za rika lako. Alitukaripia hivyohivyo tukiwa watoto. Gosbert, uliniambia umetunga wewe."

"Mama, ni utani tu. Mimi na Careen ni watani, unajua."

"Utani wa msiba huisha kitu kikikombolewa. Mwenzio alileta jogoo?"

"Alileta."

"Ulimla?"

Gosbert akatazama viatu vyake. "Nilimla, Mama."

"Basi huo ni wizi. Na mimi nilicheka." Akamwonyesha mashine kwa kidole. "Beba. Ulivyoichukua ndivyo uirudishe, kichwani, mpaka kwake. Sitaki kuona bajaji."

Nilitaka kumhurumia shangazi, nikashindwa kuipata huruma yenyewe. Nilichomoa waya mwenyewe, nikaviringisha ule wa HDMI nikautia mkobani. Gosbert akajitwika mashine akatoka nayo juani, suti ya bluu na yote. Vijana wa bodaboda wakampigia honi. Akina mama waliokuwa wanaanika mpunga mbele ya mashine za kukobolea wakamwuliza anahamia wapi, na nyuma yake ukafuatana msafara wa watu waliokuwa ukumbini, mwingine akiimba, "Mambo ni ya kijiweni!" Mimi nilikuwa kwenye baiskeli. Niliendesha polepole kando yake njia nzima, na sikumpokea mzigo.

Tulipofika kwangu msafara ulikuwa umeshatawanyika. Aliiweka mashine mezani kwa uangalifu, lazima niseme hilo, kisha akatoka akasimama uani, shati limemgandia mgongoni.

"Mke wangu," akaanza, akijaribu lile tabasamu lake. "Leo umeniweza. Nipe basi maji ya kunywa."

Nilisimama mlangoni, sikujibu.

"Binamu."

Akatazama barabarani kama anayetafuta mtu wa kumtetea, na barabarani hapakuwa na mtu. Tabasamu likamtoka lenyewe. Akashusha kichwa kidogo, kama wanavyofanya watoto waliofundishwa.

"Shikamoo, dada Careen."

Nimesema kwetu watani hawaamkiani. Akishakuamkia amejiondoa: hana tena ruhusa ya kukuita mke wake, hana ruhusa ya kuteka hata kijiko katika nyumba yako, na siku ukifa atakaa pembeni alie kimya kama watu baki. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka tangu jogoo wangu alipochinjwa, na sasa nilikuwa nalo. Sikuwa na mtani mwingine.

"Marahaba," nikamwambia.

Nikaingia ndani, nikachukua glasi ya wageni, nikamletea maji juu ya sahani.