Alama ya Kutoa

Kampuni ya maji ilishaapa: bomba la Kamilenda linapeleka maji mtaani kila siku, na kama mifereji ya watu ni mikavu, basi watu wenyewe ndio wezi. Kipimo kikiiumbua kampuni, italeta pampu mpya. Kikiiunga mkono, kioski cha maji cha mtaa kitang'olewa. Mama yake Nkandu anaishi Kamilenda, na fundi aliyetumwa kupima ni Nkandu huyohuyo. Haya!

Alikwangua kutu mpaka chuma kikang'aa. Akapaka grisi, akavifunga vihisi viwili kwa mikanda ubavuni mwa bomba, si juu ambako hewa hukaa. Kimoja upande maji yanakotoka, cha pili yanakoelekea. Sauti hupita majini baina ya vihisi hivyo, na mashine hujua maji yanakimbilia wapi. Kazi hiyo angeifanya hata usingizini.

Mashine ikaonyesha thelathini na nane, na mbele yake alama ya kutoa: maji yanarudi nyuma.

"Aa, binti!" Msimamizi wake, Bashi Kapya, akaangua kicheko. "Umevifunga kinyume! Ndoa changa inakumaliza, eh?"

Vibarua nao wakacheka. Masikio ya Nkandu yakawaka moto. Jamani, aibu ni kitu kibaya! Badala ya kulitilia shaka bomba, akajitilia shaka mwenyewe. Akavifungua, akavibadilisha nafasi, na ile alama ikatoweka. Bashi Kapya akapiga picha, akaituma ofisini pamoja na jina la fundi.

Hapo ndipo Nkandu alipoinua macho. Kule kilimani, tangi la mtaa. Huku bondeni, majumba mapya ya wakubwa, nyasi mbichi kiangazi chote, yameungwa kwenye bomba hilihili. Maji kidogo yanayopanda tangini usiku yalikuwa yanashushwa huko mchana.

"Bashi Kapya, nilivifunga sawa! Tangi linanyonywa!"

"Najua," alisema, akikunja mikanda. "Picha imeshakwenda. Nina watoto, binti, usinitie matatani."

Kesho yake Nkandu alikwenda ofisini kuomba apime upya. Wakamwambia anamtetea mama yake, arudi kazini.

Kioski kiling'olewa wiki ileile. Jumapili alimkuta mama yake akipika mboga kwa maji ya kisima kilichochimbwa karibu na vyoo. Wanawake wa jirani walimpita mlangoni bila hata salamu.

"Wanasemaje, mama?"

"Walikuja hapa. Wakaniuliza umelipwa nini useme uongo." Mama akafunika sufuria. "Nikawaambia hukulipwa kitu. Nikawaambia mwanangu hajui kazi."

"Mama! Kazi naijua!"

"Nyamaza, watakusikia. Ukiwaambia unaijua, mimi nitakaa hapa na nani?"