Vidonge Kando ya Supu ya Baba

"Mshipa wa moyo naujua kuliko ninavyomjua mke wangu!" Daktari Kiyoharu aliwatambia wenzake maabara, akining'iniza kipande cha mshipa wa moyo wa nguruwe majini. Akatia adrenalini, homoni ya kuchochea moyo, kisha dawa ileile ya kutuliza mapigo aliyompa baba yake, mzee anayebanwa kifua kila alfajiri. Badala ya kulegea, mshipa ukajikaza kama ngumi, damu isingepita.

Akapiga simu nyumbani, mjini Kumamoto.

"Mama, baba asivimeze tena vile vidonge!"

"Kashavimeza. Yuko kitandani, mkono kifuani. Namwita, haitiki."

"Nani... nani kampa? Yule daktari wake wa mtaani?"

"Kiyo, mwanangu, usinifanye mtoto. Uliviweka mwenyewe leo asubuhi kando ya supu yake ya miso, nami nilikuwa nimekaa palepale."