Hodi ya Mgema

Mguu wa kushoto ulikataa. Kambi aliuamuru ushuke kwenye kidato cha chini, nao ukabaki pale pale ukitetemeka. Alikuwa ameukumbatia mnazi kwa mikono yote miwili, shavu kaligandamiza kwenye gogo, macho kayafumba. Afisa mtarajiwa wa jeshi, mtu aliyebakiza muhula mmoja tu avae nyota begani, amekwama juu ya mnazi wa jirani huku Gede, mchana kweupe. Aibu ya nani hii, jamani?

Yake mwenyewe. Mdomo ndio uliomponza. Kule chuoni, bara, wenziwe walikuwa wakimcheka kwa kuwa babake ni mgema. Kambi alichoka kuona haya, akaigeuza haya yake kuwa majigambo. Siku Meja Thuku alipowauliza makadeti kila mmoja anataka tawi gani, mizinga, vifaru, uhandisi, mitambo ya mawasiliano au miavuli, yeye alisimama wima. "Miavuli, afande," alisema. "Mimi nimekulia juu ya minazi. Kuruka kutoka kwenye ndege si kitu." Meja alifurahi, akasema kijana wa namna hiyo ndiye anayemtafuta, na akitoka likizo aje athibitishe. Tangu hapo hakuna aliyemcheka tena.

Uongo mtupu. Alichokipenda Kambi ni zile redio za jeshi, uvae visikizio masikioni usikie mtu anayesema nawe kutoka ng'ambo ya vilima. Lakini wenziwe waliiita kazi ya karani. Na mnazi hakuwahi kuupanda hata mmoja. Mzee Kalama, babake, alimkataza tangu utotoni. Alitaka mwanawe asome.

Basi Agosti akaja nyumbani na siri yake. Aliona heri ajipime kwanza kwa mnazi kabla ya kupimwa na ndege. Akangoja babake ajinyooshe baada ya chakula, akajipenyeza kwenye boma la Kiponda, jirani ambaye minazi yake mzee Kalama ndiye aliyeigema. Boma lilikuwa kimya. Mnazi wa nyuma ya nyumba ulikuwa na vidato vizuri, vilivyochongwa na babake mwenyewe. Akavua viatu, akapanda.

Hakupiga hodi. Na huku kwetu mgema hapandi kimya. Mabafu yetu ni ya makuti, hayana paa, na aliye juu ya mnazi huona yote. Kwa hiyo kabla hajakanyaga kidato cha kwanza hupaza sauti, "Hodi, napanda!", mwenye kuoga akajisitiri. Asiyepiga hodi huhesabiwa kuwa mchunguliaji, na mchunguliaji haingii boma la mtu. Kambi aliyajua hayo tangu akinyonya. Lakini mtu anayejificha atapigaje hodi?

Alikuwa ameganda hivyo aliposikia ndoo ikitua chini. Akafumbua jicho moja. Kahonzi, mke wa Kiponda, ameingia bafuni, ameitundika kanga ya juu kwenye ukuta wa makuti na anaanza kuifungua ya kiunoni. Mama huyu ndiye aliyekuwa akimpa mihogo ya kuchemsha kila alipotoka shule. Kambi akafumba macho haraka. Akinyamaza, amemchungulia mtu aliye kama mama yake. Akisema, Gede nzima itajua alipo.

"Hodi," alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Hodi, mama. Niko juu."

Yowe la Kahonzi lilifika barabarani. Kiponda akaja mbio na fimbo, watu nyuma yake.

"Shuka, mwanaharamu wewe!"

"Siwezi, mzee."

Wakamtambua. Mtu mmoja akacheka, akauliza kama huyo ndiye tuliyeambiwa atakuwa afisa wa jeshi. Kambi aliomba mnazi ukatike.

Mzee Kalama akafika kifua wazi, usingizi bado umo machoni. Alitazama juu. Akaweka mguu kwenye kidato, kisha akautoa, akainua uso. "Hodi, napanda," aliita, ijapokuwa Kahonzi alikwisha kutoka na bafuni hamkuwa na mtu. Akapanda mpaka kichwa chake kikafika kwenye visigino vya mwanawe.

"Baba, mguu hauendi."

"Usiuamuru. Nipe mimi."

Akakishika kisigino, akakivuta taratibu, akakitia kwenye kidato. Kisha cha pili. Wakashuka hivyo, mzee mwenye mvi akimwekea miguu kijana aliyefunzwa kupiga saluti, na kijana analia bila kuweza kujipangusa.

Chini, Kiponda alikuwa akihema. "Kalama, mwanao amepanda kwangu bila hodi, na mke wangu yuko bafuni."

"Nilimtuma mimi, akaliangalie karara ninalogema," alisema mzee Kalama. "Hodi ilikuwa juu yangu. Nikasahau."

"Wewe? Usahau hodi?"

"Uzee, ndugu yangu."

Watu walitazamana. Kambi alifungua mdomo. Akazikumbuka nyota za begani, akamkumbuka Meja, akaufunga.

"Basi minazi yangu nitaitafutia mtu mwingine," alisema Kiponda.

"Haya. Niwie radhi. Na wewe, mama, niwie radhi," alisema mzee Kalama, macho chini, kama kwamba yeye ndiye aliyeona.

Jioni alikaa mlangoni akiinoa kotama yake, kisu cha kugemea. Kambi akachuchumaa mbele yake, akamweleza yote, miavuli na majigambo. Mzee alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Na huo mguu ukikataa mlangoni mwa ndege?" aliuliza.

Kambi aliitazama miguu yake.

"Huko mimi sifiki, mwanangu."

Kotama iliendelea kupita kwenye jiwe.

"Kwa nini ulisema umesahau, baba?"

"Wewe una nyota zako unazozingoja. Mimi ninayo minazi mingine."

Maneno hayo yalimchoma kuliko ambavyo fimbo ya Kiponda ingemchoma. Usingizi haukumjia.

Asubuhi alivaa sare, akachukua mkoba. Babake alikwisha kutoka kwenda kugema. Alimsikia akipiga hodi chini ya mnazi wa kwanza, kisha akiipiga tena, kwa sauti zaidi. Kwenye wa pili vivyo hivyo. Mgema wa miaka yote hiyo alikuwa akirudia hodi kama mwanagenzi. Mzee alipolifikia boma la Kiponda alilipita bila kugeuza shingo, akaenda zake kwenye minazi ya mbali.

Barabara ya kwenda stendi ilikuwa kulia. Jumatatu angesimama mbele ya Meja Thuku na kusema mitambo ya mawasiliano, na sababu yake, na wenziwe wangecheka mpaka wachoke. Hilo lilimtia haya, lakini Jumatatu ilikuwa bado. Kambi akashika kushoto.

Mbele ya ua wa Kiponda aliutua mkoba, akavua kofia. Ndani, Kahonzi alikuwa akifagia, na Kiponda amesimama kando yake na mswaki mdomoni.

"Hodi," aliita, kwa sauti ya gwaride. "Ni mimi, Kambi. Nimekuja kusema ya jana."

Ufagio ukasimama. Na kule mbali, juu ya minazi, kotama nayo ikanyamaza.