Vidonge vya Mgongo

Mume wangu ni fundi cherehani, na ana saratani ya damu. Asubuhi moja mgongo ulimbana, nikampa vidonge viwili vya diklofenaki ninavyomeza mwenyewe. Mchana, akiwa anashona, akaanza kutokwa na damu kwenye fizi, ikadondokea shati la mteja. Haikukata. Nikampigia nesi wa kliniki anakotibiwa.

"Umempa nini, mama?"

Nikamtajia.

"Damu yake haigandi vizuri, na dawa hiyo inazidisha. Aspirini na ibuprofeni pia asiguse. Mlete sasa hivi."

Kwenye teksi alinishika mkono. "Hukujua, mke wangu."

Walimwongezea chembe za kugandisha damu, fizi zikaacha kuvuja. Lakini mpaka leo, akiguna kidogo tu, roho huniruka.