Dola 68,400 za Safari za Chifu

Mjomba Lazarus alikuwa chifu wa kuchaguliwa wa kijiji chetu cha wenyeji wa asili, kaskazini kwenye theluji, kwa miaka tisa, na mimi ndiye niliyemwangusha. Watu hapa bado wanadhani ni kura zao.

Nilikuwa karani wa fedha wa baraza la kijiji. Kila mwaka sheria inatutaka tuweke mtandaoni taarifa ya fedha iliyokaguliwa, pamoja na jedwali la mishahara na gharama za safari za chifu na wajumbe wake. Yeyote anaweza kuisoma, awe hapa kijijini au mjini huko kusini.

Mwaka ule wa moto wa msitu, moshi ulishuka ziwani hata ng'ambo hatukuiona. Wazee wenye vifua vibovu walihema kama samaki waliotupwa juu ya barafu. Ndege za kuwahamisha serikali ilituahidi leo, ikatuahidi kesho. Siku ya tatu Mjomba alikodi ndege mbili kwa kadi ya baraza yenye jina lake, na wazee thelathini na mmoja wakaondoka.

Bili zilikuja kwangu. Zilipaswa kuingia kwenye gharama za dharura. Lakini mkaguzi wa hesabu alikuwa na siku mbili tu nasi, nusu ya karatasi zilikuwa bado kwenye maboksi tangu turudi kutoka kule moto ulikotuhamishia, nami bili zile nikaziandika palipokuwa rahisi: kadi ya chifu, safari za chifu. Nilijiambia nitarekebisha baadaye. Mjomba alitia sahihi bila kusoma, kwa sababu nilimwambia kila kitu kiko sawa.

Taarifa haikumaliza siku mtandaoni kabla watu hawajaiona. Shangazi Isabel, dada yake baba, aliupiga picha ukurasa ule akausambaza kwenye simu za watu. Chini yake aliandika: "Sisi tunachemsha maji ya kunywa, mwenzetu anapaa."

Mkutano ukaitishwa ukumbini. Hata wale ambao huja kwa ajili ya bahati nasibu ya kushindania petroli tu, siku hiyo walikaa mbele.

"Lazarus," Shangazi alisema, "elfu sitini na nane! Ulikwenda wapi, mwezini?"

Watu wakaangua kicheko.

"Hizo ni ndege za wazee," Mjomba akajibu. "Wakati wa moto."

"Usitufanye watoto. Redio ilisema zile italipa serikali. Hapa pameandikwa safari za chifu, na sahihi ya mkaguzi hii hapa."

"Shemeji, mama yako mwenyewe alipanda."

"Mama yangu mwache alipo!"

Mjomba akanigeukia. "Myrna, hebu waeleze."

Faili lilikuwa mapajani mwangu, bili zote mbili zimo. Ilikuwa kulifungua tu. Lakini niliziona nyuso zile, nikawaza kazi yangu, nikawaza watakavyosema kwamba namfichia mjomba wangu. Nikasema, "Itabidi niangalie mafaili kwanza."

Hakuna aliyecheka. Mjomba alinitazama kidogo, kisha akakaa.

Wiki tano baadaye alishindwa uchaguzi kwa kura arobaini. Kabla barabara ya barafu, ile ipitayo juu ya ziwa lililoganda, haijayeyuka, alipakia vitu vyake akahamia mjini Thompson kwa binti yake.

Taarifa ya mwaka uliofuata niliirekebisha. Maelezo namba kumi na moja yanasema dola 68,400 zimehamishwa kutoka safari za chifu kwenda gharama za dharura. Niliyasoma mwenyewe mkutanoni, mbele ya watu kumi na wanne, nikasema kosa lilikuwa langu. Nilijiandaa kufukuzwa. Chifu mpya akauliza kama kuna swali. Mtu mmoja akauliza kama chai imeisha.

Nilimfuata Shangazi mlangoni. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Pesa zile ndizo zilizomtoa Bibi kwenye moshi, Shangazi."

Akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni. "Basi si angesema?"

"Alisema."

"Hakusema vya kutosha," akajibu, akawasha pikipiki yake ya theluji na kuondoka.

Mwezi Machi nilikwenda Thompson na samaki niliowakausha kwa moshi. Mjomba alivaa miwani, akausoma ukurasa nilioupeleka, polepole, mpaka mwisho.

"Umeandika vizuri," alisema.

"Nisamehe, Mjomba."

"Nilishakusamehe zamani."

"Basi rudi nyumbani."

Alivua miwani akaifuta kwa shati. "Siku ile sikuhitaji maandishi, Myrna. Nilihitaji useme ndiyo. Basi."

Binti yake alileta mkate na chai, tukala samaki. Mjomba aliniuliza nyavu zinashika nini msimu huu, na nani amemwoa nani. Habari za baraza hakuuliza. Nikamwambia nyumba yake wamepewa wanandoa wenye mtoto mchanga. Akasema ni vizuri, ila wawe waangalifu na bomba la jiko, linavuja moshi upepo ukitoka kaskazini.

Misimu mitatu ya barafu imepita tangu siku hiyo. Hajarudi, hata kuvua.