Kofia ya Jambazi wa Kanivali

Je, wewe umewahi kuambiwa unaiga mtu kama sokwe? Kiingereza chetu cha kisiwani, hapa mjini Arima, kina kitenzi kifupi cha jambo hilo, na ni jina lilelile la mnyama. Ukitupiwa neno hilo, maana yake unamfuatisha mtu bila kuelewa, au unamkejeli. Si sifa.

Jirani yetu Ismay alilitamka kwenye uzio wangu, huku nikikaanga mikate ya kula na samaki wa chumvi. Mjukuu wangu Odelia alikuwa uani akifanya mazoezi ya Jambazi wa Kanivali, yule mhusika wa sherehe yetu ya mitaani mwenye joho jeusi na majigambo marefu. Alichechemea, akakohoa mara moja, akanguruma: "Siku niliyozaliwa, jua liliogopa kuchomoza!"

"Fitzroy, we mzee!" Ismay akacheka. "Mtoto anakufanyia usokwe! Hata kikohozi chako kakiiba!"

Mume wangu Fitzroy, aliyecheza Jambazi tangu ujana na mwaka huu goti limemgomea, aliinuka kibarazani. Kofia yake, pana kama mwavuli, yenye vishada vya pamba pembeni na fuvu la karatasi utosini, akaitia sandukuni.

"Sokwe havai kofia yangu," akasema.

Odelia alikuwa akiitamani kofia ile tangu hajafikia kitasa cha mlango, ila hakuwahi kuiomba. Alingoja apewe.

Nikamwita jikoni. "Mbona unachechemea, mama?"

"Si ndiyo hatua ya Jambazi, Bibi?"

Nilicheka hadi nikaweka mwiko chini. "Hiyo ni hatua ya babu yako tangu aanguke kwenye ngazi ya kanisa! Na kikohozi ni cha tumbaku."

Akajishika kichwa. "Kumbe hata kuchechemea nimejifunza!"

"Basi ondoa goti lake, ondoa kifua chake. Uone kinachobaki."

Jumamosi kabla ya Kanivali, Fitzroy aliitoa kofia kuikung'uta vumbi. Odelia alipofika getini, mzee akaivaa, akapuliza filimbi, akamzibia njia. Kwetu Jambazi akikutana na Jambazi, humjibu kwa maneno yake mwenyewe. Akirudia ya mwenzake, au akikosa jibu, anavua kofia na kupisha.

"Simama, kinda! Siku niliyozaliwa, jua liliogopa kuchomoza!"

"Siku niliyo..." Odelia akaanza, akakatiza. Ismay alikuwa keshafika uzioni, mdomo tayari. Mtoto akanyoosha mgongo, akaja kwa hatua ndefu, bila kuchechemea.

"Jua lilikuogopa wewe, mzee? Mimi lilinibembeleza! Nilipotoka tumboni, radi ilijificha chini ya kitanda cha bibi yangu. Nikapiga chafya, bahari ikahamia mlimani. Tufani hunibishia hodi, na nikisema sipo, inarudi kwao! Pisha njia, maana nyuma yangu inakuja sauti yangu, na hiyo haina breki!"

Ismay akaupiga uzio kofi. "Wee! Huyo si sokwe!"

Fitzroy alitafuta jibu, midomo ikicheza. Akasogea pembeni ya geti, akavua kofia, vishada vikitikisika, akaishika kifuani. Uso wote ulikuwa tabasamu.

"Haya, Jambazi. Umeshinda. Pita."

Odelia hakupita. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Babu, hiyo kofia naitaka mimi. Na naitaka leo."